Kansa ya Thairoidi: Uliza Jina Lake la Pili

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, na ugonjwa wangu niliambiwa na tepu kabla sijaambiwa na daktari. Mafundi tuna tabia ya kuandika vipimo vyetu wenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, maana nguo zetu tunazishona usiku wateja wakishaondoka. Mwaka 2018 shingo yangu ilikuwa inchi 13 na nusu. Mwaka 2020 nikajishonea blauzi ya kwaya yenye kola, nikaikata kwa kipimo kilekile, kifungo cha juu kikagoma kufunga. Nikapima upya: inchi 15. Nikacheka, nikasema nimenenepa. Kiuno kilikuwa palepale.

Kilichonidanganya ni bibi. Kwetu ni Makete, na bibi mzaa mama alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, kubwa kama embe dodo, akilifunika kwa kitambaa akienda kanisani, na alikufa kwa uzee tu. Ukoo mzima tulikua tukijua rovu ni jambo la milimani, kama baridi. Ardhi ya huko imeoshwa na mvua, madini joto, yaani iodini, yamekwenda na maji, na tezi ya shingoni iitwayo thairoidi inayoyahitaji ili kutengeneza homoni hutanuka ikihangaika kuyapata. Ndiyo maana miaka ya 1990 nchi ikaanza kulazimisha chumvi iwekwe madini joto. Basi nilipoliona langu nikasema, aa, hili la bibi. Nikaanza kujishonea kola pana. Nikakaa nalo mwaka na miezi.

Leo ninajua nilichotakiwa kukiona. Rovu la bibi lilikuwa laini na limetanuka pande zote. Langu lilikuwa goroli moja gumu, upande wa kulia, linalopanda na kushuka nikimeza mate. Ukiwa na uvimbe wa hivyo, au sauti ikakwaruza wiki baada ya wiki bila mafua, au kuna vitezi vimejitokeza pembeni mwa shingo, usingoje kola ikubane. Vivimbe vingi vya tezi hii si kansa, na hilo ndilo linalotulaza usingizi.

Nilipokwenda hatimaye, nilikwenda zahanati ya jirani. Wakanipima damu, homoni za thairoidi, nikalipa 75,000, majibu yakatoka mazuri yote. Nikaambiwa, "Mama, tezi yako iko sawa, punguza mawazo." Nikarudi kwenye cherehani nimefurahi, nikanunulia wenzangu soda. Hapo nilipoteza miezi mingine mitano. Kipimo kile cha damu kinaeleza kama tezi inafanya kazi, hakielezi nini kinaota ndani yake. Watu wengi wenye kansa ya thairoidi homoni zao ziko sawa kabisa. Kinachoangalia uvimbe ni ultrasaundi, na baada yake sindano nyembamba inayonyonya chembechembe. Ukiona mtu anakutuliza kwa karatasi ya TSH, moja ya homoni za kipimo kile cha damu, peke yake, mshukuru, kisha nenda ukapige ultrasaundi.

Sindano yenyewe haiumi kuliko ya meno. Kilichoniuma ni majibu. Nilidhani nitaambiwa ndiyo au hapana. Karatasi ikasema "uvimbe wa folikula", vile vifuko vidogo vya ndani ya tezi, na daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye miwani, akanieleza kwamba kwa aina hii sindano haiwezi kutoa hukumu. Chembe za uvimbe usio na madhara na chembe za kansa ya folikula zinafanana kwenye darubini kama mapacha. Tofauti haiko usoni. Iko kwenye ganda: je, zimetoboa ganda la uvimbe, zimeingia kwenye mishipa ya damu? Mwizi humjui kwa picha yake, unamjua ukikuta ameruka ukuta. Kwa hiyo lazima uvimbe utolewe mzima, ukatwe vipande vyembamba, ganda likaguliwe.

Nililia kwenye bajaji njia nzima. Dereva akapunguza redio, akaniuliza, "Dada, msiba?" Nikamwambia bado.

Wakanitoa nusu ya tezi. Siku ya nne nilikuwa nyumbani. Majibu ya kinyama kilichotolewa yakachukua wiki nne, na wiki nne hizo ndizo nilizofanya makosa mengi kuliko wakati wowote, kwa sababu kila mtu alikuwa na ushauri na mimi sikuwa na jina la ugonjwa wangu. Binamu aliyeko Uingereza akanitumia habari za jeni inayoitwa BRAF na dawa zake. Mtu wa kwaya akaniambia ni simu, nisiweke sikioni. Mwingine akaniletea habari za Chernobyl. Shemeji akasoma kwamba Korea Kusini watu walipimwa shingo kwa wingi, kansa za thairoidi zikaongezeka mara kumi na tano kati ya 1993 na 2011, na vifo havikubadilika, kwa hiyo akanisihi nisirudi kukatwa tena. Mama mkwe hakusoma chochote. Alisema nimetupiwa kitu na jirani wa fremu ya tatu.

Majibu yalipotoka, kansa ya folikula iliyoingia mishipa ya damu, nilifanya jambo moja la akili. Nilimwomba daktari aniandikie kwenye daftari langu la vipimo jina zima, si "kansa ya thairoidi" tu. Akaandika, kisha akanichorea ndugu zake. Papilari ndiyo ya wengi, kama watu 80 katika kila 100 wenye kansa hii. Folikula inafuata, na huonekana zaidi kwenye maeneo yaliyokosa madini joto. Medulari ni ya wachache, inatoka kwenye chembe tofauti kabisa za tezi hiyohiyo. Anaplastiki ni adimu na ndiyo kali kuliko zote, hukua kwa wiki. Jina la kwanza ni moja, lakini chanzo, dawa na mwendo wa kila moja ni mbali na mwenzake.

Nikayarudia yale niliyoletewa, nikiwa na jina mkononi. BRAF ilikuwa habari ya kweli, ila ni mabadiliko yanayoonekana sana kwenye papilari, na dawa zake mbili za pamoja, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2018, zilikuwa za anaplastiki yenye mabadiliko hayo. Kwenye folikula kinachopatikana zaidi ni mabadiliko ya jeni za familia ya RAS, au jeni mbili zilizoungana vibaya, PAX8 na PPARG, jambo lililogunduliwa mwaka 2000. Chernobyl nayo ni kweli: mtambo wa nyuklia ulilipuka 1986, iodini ya mionzi ikaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na miaka michache baadaye kansa ya thairoidi ikapanda kwa watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi. Hiyo zaidi ilikuwa papilari. Mionzi utotoni ni chanzo kinachojulikana vizuri kuliko vyote, lakini mimi nimekulia Makete, nikinywa maziwa ya ng'ombe wa babu. Na Korea? Ile ilikuwa hasa habari ya papilari ndogondogo, ambazo zingekaa shingoni mpaka mtu afe kwa jambo lingine. Langu lilikuwa limeshaingia kwenye mishipa. Shemeji nilimwelewa, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasoma barua ya mtu mwingine.

Swali lililomkosesha mama usingizi kule kijijini lilikuwa moja: wadogo zangu na watoto wangu, watairithi? Daktari akasema, ungekuwa na medulari ningekujibu vingine. Katika medulari, kama mgonjwa mmoja kati ya wanne ameirithi, kupitia jeni ya RET. Hilo linajulikana tangu 1993, na kwenye nchi zenye uwezo watoto wa familia hizo hupimwa damu mapema, wengine huondolewa tezi kabla kansa haijaanza. Folikula kwa kawaida si ya kurithi. Mabadiliko yake ya jeni yanatokea ndani ya tezi yenyewe, ukubwani.

Nilipompigia mama sikuweza kusema jeni. Nikamwambia hivi: mama, mimi nikikata nguo natumia karatasi ya kukatia. Karatasi ikiwa na kosa, kila gauni nitakaloshona litatoka na kosa lilelile, hiyo ndiyo ya kurithi. Lakini mkasi ukiteleza kwenye kitambaa kimoja, limeharibika gauni moja. Langu ni mkasi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi waambie wanoe mkasi."

Upasuaji wa pili ulikuwa wa kutoa nusu iliyobaki, ili tezi isibaki kabisa na tiba ya mionzi iweze kufanya kazi. Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Sikuwa na bima. Kabla hata sijalala kitandani mara ya kwanza, ultrasaundi, sindano na vipimo vilikuwa vimekula kama laki tatu na nusu. Upasuaji wa pili ulikula mashine yangu ya ovaloki, niliiuza kwa mwenzangu wa fremu ya pili, na laki nane za kikoba ambazo nililipa kwa miezi kumi na minne. Ukiambiwa "uvimbe wa folikula", jipange tangu siku hiyo kwa upasuaji mara mbili. Ikitokea mmoja umetosha, utanunua ovaloki nyingine.

Siku ya tatu baada ya upasuaji wa pili, nikiwa nyumbani, midomo ikaanza kuwashawasha, kama nimekula nanasi bichi. Kisha ncha za vidole. Jioni mkono wa kulia ukajikunja, kidole gumba kikaingia kiganjani, hakitoki. Mama mkwe akaanza kukemea. Mume wangu, namshukuru, akaita bajaji. Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, kazi yake ni kuweka sawa kalisi, yaani kalsiamu, kwenye damu. Vikiguswa au vikikosa damu wakati wa upasuaji, kalisi inashuka. Nikawekewa kalisi ya mshipani, mkono ukafunguka mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimepewa vidonge vya kalisi niende navyo, na karatasi inayosema ganzi ya midomo ni hatari. Karatasi niliikuta baadaye ndani ya pochi, imekunjwa pamoja na risiti.

Sauti nayo ilibadilika. Ya kuongea ilirudi baada ya miezi miwili. Ile ya juu ya kwaya haikurudi, sasa ninaimba alto, na alto zetu walikuwa wachache hata hivyo.

Kisha likaja kosa lililonigharimu kuliko yote, na nililifanya kwa mkono wangu. Kwenye kundi moja la simu nilikutana na dada anayeuza unga wa mwani wa Zanzibar. Alisema tezi inataka madini joto, mwani umejaa madini joto. Kwa mtoto wa Makete maneno hayo yalikuwa injili. Nikanunua pakiti mbili, nikawa nakoroga kijiko kwenye uji kila asubuhi, mwezi mzima.

Nilipofika Ocean Road, hospitali ya kansa, kwa ajili ya iodini ya mionzi, nilikuwa nimeshaacha vidonge vya homoni nilivyopewa badala ya tezi kwa wiki nne kama nilivyoelekezwa. Hali hiyo lazima niieleze. Nilivaa sweta Dar es Salaam mwezi wa pili. Uso ulivimba, choo kilikataa, niliweza kuangalia sindano ya cherehani dakika tano bila kukumbuka nilitaka kushona nini. Nikajikaza nikijua wiki inayofuata yataisha. Daktari wa tiba ya nyuklia akaniuliza nimekula nini. Nikataja vyakula. Akauliza, "Na dawa za asili?" Nikasema hapana. Nesi, mama mtu mzima, akanitazama: "Hata kitu cha kukoroga kwenye uji, mwanangu?"

Tiba yenyewe inategemea uroho wa chembe za thairoidi. Uroho uleule uliomtanua bibi shingo ndio unaotumiwa kuzinasa: unazinyima madini joto, zinashikwa na njaa, kisha unazipa iodini yenye mionzi, zinaimeza, inaziua popote zilipojificha mwilini. Mimi nilikuwa nimezishibisha mwezi mzima. Zisingegusa dawa yao. Nikarudishwa nyumbani, nikaanzishiwa vidonge upya, na baadaye nikaviacha tena. Sweta mara mbili. Waambie kila kitu unachotia mdomoni, pia waambie kama umepigwa picha ya CT kwa dawa ile ya mshipani, kwa maana nayo ina iodini nyingi na inachelewesha tiba.

Mara ya pili nilifuata mlo vizuri. Wiki mbili bila chumvi yenye madini joto, na hapa mjini karibu kila chumvi inayo. Bila samaki wa baharini, bila dagaa wa pwani, bila maziwa, bila kiini cha yai, bila mkate wa dukani maana hujui wametia chumvi gani. Nilifikiri nimepata ujanja, nikaenda kununua chumvi ya mawe kwa wanaoitoa baharini, nayo hospitali wakanikataza. Nikala ugali kwa mchicha uliokamuliwa ndimu na pilipili, wali mweupe, viazi vitamu, nyama kidogo ya kuchemsha na tangawizi. Siku ya kwenda kulazwa tulipita karibu na soko la Feri, wanakaanga changu asubuhi ile. Nilifunga dirisha la teksi.

Kidonge chenyewe kinaletwa kwenye kichupa cha risasi kizito, nawe unakimeza kwa maji kama panadoli. Kabla yake walinipima ujauzito, na wakaniambia nisishike mimba kwa miezi sita mpaka mwaka; anayenyonyesha lazima awe ameachisha. Dozi yangu ilikuwa milikyuri 100, ndicho kipimo cha nguvu ya mionzi. Nilikuwa nimesoma kwamba tafiti mbili zilizotoka 2012, moja ya Uingereza na moja ya Ufaransa, zilionyesha 30 inatosha, nikauliza. Daktari hakuudhika. Akasema zile zilikuwa kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, na jina langu lilikuwa na yale maneno ya mishipa ya damu.

Chumba cha kujitenga hakitishi, kinachosha. Unaoga sana, unakunywa maji mengi, unavuta maji ya choo mara mbili, unamung'unya pipi za ndimu kwa muda watakaokuambia ili tezi za mate zisiharibike. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilimfikiria sana yule mgonjwa wa kwanza kabisa kupewa iodini ya mionzi kama tiba, mwanamke, huko Boston mwaka 1941, na daktari Saul Hertz. Yeye hakuwa na kansa, tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi, lakini alikunywa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekinywa kama tiba kabla yake. Mimi walau nilikuwa na nesi wa kuniambia kupitia mlangoni, "Leo kipimo kimeshuka, mwanangu."

Iodini hiyo hupungua nusu kila siku nane, kwa hiyo ukitoka bado si mtu wa kukumbatiwa. Sikupanda daladala. Nilikwenda kulala kwenye fremu yangu, katikati ya majora. Niliambiwa nikae mita mbili na watoto. Tepu ya fundi ni sentimita 150, nikapima tepu moja na theluthi kutoka kwenye mkeka wangu, nikachora mstari wa chaki sakafuni. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Kila jioni baba yake alimleta kwa dakika chache, akachuchumaa vidole vya miguu vimegusa chaki, akanihadithia ya chekechea. Siku ya tatu mstari ulikuwa umefutika kidogo upande mmoja. Akaomba chaki, akauchora mwenyewe tena.

Sasa ninaishi kwa kidonge kimoja kila siku. Hapo pia nilikosea mwanzoni: nilikinywa pamoja na kalisi na chai ya maziwa, TSH ikapanda, ishara kwamba homoni haitoshi mwilini, dozi ikaongezwa bila sababu. Kinywewe kwa maji matupu, ukae nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai, na kalisi au vidonge vya kuongeza damu visubiri mpaka yapite masaa manne. Mimi nakinywa saa kumi na moja alfajiri, nikiwasha mashine. Kila baada ya miezi kadhaa wananipima thairoglobulini, protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi peke yake. Asiye na tezi hatakiwi kuwa nayo. Ya mwisho ilikuwa chini kiasi kwamba mashine haikuisoma.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga simu kutoka Makete. "Dada, na mimi nina rovu la bibi." Nikamwambia achukue glasi ya maji, asimame mbele ya kioo, anyanyue kidevu kidogo, ameze, atazame. Akakaa kimya, nikasikia anameza. "Upande wa kushoto," akasema, "kama punje ya njugumawe." Nikamtumia nauli. Alishuka Magufuli Terminal Ijumaa usiku, ultrasaundi tukapiga Jumatatu, sindano Jumatano. Majibu tunayafuata Jumanne, na daftari la vipimo limo kwenye pochi.